Dawa ya magugu si moto

Wengi huamini kwamba dawa ya magugu huunguza kila jani inaloligusa, na mahindi yakipona basi dawa ilikuwa hafifu. Zipo kweli zinazoua karibu kila mmea. Nyingine nyingi huziba kimeng'enya kimoja tu, yaani protini inayoendesha kazi fulani ndani ya mmea. Nikosulfuroni, kwa mfano, dawa ya magugu ya kwenye mahindi, huzuia kile kinachohitajika kutengeneza valini, lusini na isolusini, asidi amino za kujengea protini. Gugu huacha kukua mapema, ingawa kwa macho bado ni kijani. Umanjano huanzia majani machanga ya katikati, na kufa huweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Hapo ndipo mtu hudhani ameuziwa maji.

Mahindi nayo huinyonya dawa hiyohiyo, ila huivunjavunja upesi kabla haijadhuru. Maharagwe hayana uwezo huo. Kwa dawa za kuua nyasi ndani ya maharagwe siri ni tofauti: kimeng'enya cha maharagwe kina umbo ambalo dawa hainasi.

Ukitaka kuhakiki, soma kwenye lebo kiambato amilifu (kemikali yenyewe inayoua gugu), zao lililotajwa na idadi ya majani linalotakiwa kuwa nayo. Kisha acha ukanda mmoja bila kupulizia, ulinganishe.