Tenesini, si tenesiamu: elementi 117 na mwisho wa jina lake

Ukiandika jedwali la elementi kwa Kiswahili, namba 117 iite tenesini. Nimeona watu wakiandika tenesiamu kwa kufuata mazoea ya sodiamu na kalsiamu, na hilo ni kosa la kemia zaidi ya kuwa kosa la tahajia. Ni kama kumwandika mtoto ukoo usio wake.

Ukoo wa 117 ni safu ya 17: florini, klorini, bromini, iodini, astatini. Hapa Pwani tunaujua vizuri. Klorini imo ndani ya chumvi inayovunwa Gongoni na Marereni, na iodini hutiwa kwenye chumvi ya mezani kabla haijafika dukani. Kanuni za IUPAC, chombo cha kimataifa kinachoidhinisha majina haya, zinataka elementi mpya ya safu ya 17 iishie kwa -ine, ya safu ya 18 kwa -on, na nyinginezo zote kwa -ium. Kiswahili kimeshaigeuza -ine kuwa -ini na -ium kuwa -iamu, kwa hiyo njia tayari ipo. Andika tenesini, na jirani yake namba 118 oganesoni.

Shina la jina ni Tennessee, jimbo la Marekani lenye maabara ya Oak Ridge, Chuo Kikuu cha Vanderbilt na Chuo Kikuu cha Tennessee. Atomu zenyewe zilitengenezwa Urusi, kule Dubna. Kilichotoka Tennessee ni shabaha, yaani berkeliamu, elementi iliyopigwa kwa viini vya kalsiamu ili viungane, na kwa maoni yangu kazi ya kuipata shabaha ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Hesabu ya protoni ni nyepesi: kalsiamu 20, berkeliamu 97, jumla 117. Lakini berkeliamu-249 (249 ni jumla ya protoni na nyutroni zake) haichimbwi popote. Oak Ridge waliipika siku 250 ndani ya kinu cha nyuklia, wakaiacha siku 90 mionzi mikali ipungue, kisha wakatumia siku nyingine 90 kuitenganisha na uchafu wake. Walichopata ni miligramu 22, uzito wa punje moja ya mchele hivi. Na punje hiyo haimngoji mtu. Kila siku takriban asilimia 0.2 yake hugeuka kalifoniamu-249. Baada ya siku 330 hivi inabaki nusu.

Anayetoa mizigo Kilindini atalielewa linalofuata bila kufafanuliwa. Mwaka 2009 mzigo huo, ukiwa ndani ya makasha ya madini ya risasi yanayozuia mionzi, ulisafirishwa kwa ndege ya kawaida kutoka New York kwenda Moscow. Forodha ikaukataa mara mbili kwa sababu hati hazikukamilika, na katika siku chache ukawa umevuka Atlantiki mara tano. Kontena la mitumba likikwama, unalipia kuchelewa lakini nguo zako zipo. Berkeliamu ikikwama, bidhaa yenyewe inakwisha.

Kule Dimitrovgrad, Urusi, ikapakwa juu ya vipande vyembamba mno vya titaniamu, vikapangwa kwenye gurudumu linalozunguka ili mkondo wa kalsiamu usipige mahali pamoja ukapaunguza. Kalsiamu ya kawaida haifai. Inatakiwa kalsiamu-48, ambayo ni asilimia 0.19 tu ya kalsiamu yote ya asili, kwa sababu ina nyutroni 28, na kiini kizito chenye nyutroni chache hupasuka mara moja. Mwendo nao una mpaka wake. Ukiwa mdogo, protoni za pande mbili husukumana na viini haviungani. Ukizidi, kiini kilichoungana hupata joto jingi kikapasuka. Ukiwa sawasawa, kiini cha 297 hutema nyutroni 3 au 4 zikaondoka na joto hilo, kikabaki 294 au 293.

Siku 150 za kupiga kule Dubna zilitoa atomu 6: tano za 293 na moja ya 294. Hakuna aliyeziona. Zilitambuliwa kwa nyayo zake: atomu hutoa chembe ya alfa, yenye protoni mbili, ikawa 115, ikatoa nyingine ikawa 113, kisha 111, zote zikianzia sehemu ileile ya kigunduzi. Atomu ya 293 hudumu takriban sehemu 20 za elfu za sekunde, muda usiotosha kuijaribu kikemia. Mahesabu yanaonyesha haitakuwa na uchu wa elektroni kama klorini, lakini kanuni ya jina hufuata safu, na safu haijabadilika.

Matokeo yalitangazwa Aprili 2010, na Darmstadt, Ujerumani, wakayathibitisha mwaka 2014. Jina likaidhinishwa tarehe 28 Novemba 2016. Alama ni Ts. Tn ilikwisha kutumika zamani kwa thoroni, aina moja ya gesi ya radoni. Chati ya darasani yenye Uus, alama ya muda, kwenye nafasi ya 117 ni ya kabla ya hapo. Bandika kipande cha karatasi juu yake, uandike Ts, na chini yake tenesini.