Barafu Isiyo Baridi: Maana ya "Jitu la Barafu" na Mwaka Mrefu wa Neptuni

Mtu aliyezoea mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, akisikia sayari ya Neptuni ikiitwa "jitu la barafu", hufikiria ile barafu inayopondwa na kumwagwa juu ya sangara, ambayo huanza kuchuruzika sakafuni mara tu jua linapopanda. Jina hilo hupotosha, na ni vema likafafanuliwa. Wanaastronomia huita "barafu" maji, amonia na methani, kwa kuwa huganda katika baridi iliyo mbali na Jua, nao hushika jina hilo hata pale vitu hivyo vinapochemka. Ndani ya Neptuni, ambayo tungamo lake ni mara 17 ya lile la Dunia, vimebanwa hadi vikawa ugiligili mzito wenye joto la maelfu ya nyuzi. Hakuna uso mgumu ambao mtu angeukanyaga. Baridi iko juu, kwenye mawingu, ambako hufikia nyuzi 200 chini ya sifuri na pepo huvuma zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa, ndani ya angahewa ya hidrojeni, heliamu na methani kidogo inayofyonza mwanga mwekundu na kuiachia sayari rangi yake ya buluu.

Ndugu yake katika kundi hili ni Uranusi peke yake. Mshtarii na Zohali ni majitu ya gesi.

Neptuni huzunguka Jua kwa umbali wa kilomita bilioni 4.5 hivi, yaani mara 30 ya umbali wetu, na mzunguko mmoja huchukua karibu miaka 165. Mwanaastronomia Johann Galle aliiona kutoka Berlin tarehe 23 Septemba 1846, ndani ya digrii moja tu ya mahali ambapo Mfaransa Urbain Le Verrier alikuwa amepakokotoa kwa kupima jinsi Uranusi ilivyokuwa ikivutwa kando ya njia yake. Kwangu mimi, hesabu chache zinastahili heshima kuliko hiyo. Mpelelezi Mwingereza John Speke alipofika ufukwe wa ziwa letu, Viktoria, mwaka 1858, Neptuni ilikuwa haijatembea hata sehemu ya kumi ya safari hiyo. Wajerumani wakaja wakaondoka, Waingereza vilevile, uhuru ukapatikana mwaka 1961, na ndipo mwaka 2011 sayari ikakamilisha mzunguko wake wa kwanza tangu igunduliwe.

Kwa kuwa mhimili wake umeinama kwa nyuzi 28 hivi, Neptuni ina majira kama Dunia, ila kila moja hudumu miaka 40 na ushei: mtoto anayezaliwa Igogo majira yanapoanza huko atakuwa na wajukuu kabla hayajabadilika kwa mara ya pili.

Wavuvi wa dagaa, ambao hutoka siku za giza wakati mwezi haupo, huziona Zuhura na Mshtarii waziwazi juu ya maji. Neptuni hawaioni, hata taa zote zikizimwa, kwani haionekani bila darubini, na katika darubini ndogo ni kitone hafifu cha buluu, ambacho mwanga wake umesafiri takribani saa 4 kutufikia.