Petroli hailipuki ndani ya injini, huungua

Muulize dereva kinachosukuma gari lake, na mara nyingi atakujibu kwamba petroli inalipuka ndani ya injini. Jibu hilo nalisikia karibu kila siku, na ningependa tuliache, kwa sababu petroli ikianza kulipuka kweli, injini hiyo inakufa. Katika injini iliyo nzima, mafuta huungua kwa mpangilio.

Kinachosahaulika zaidi ni hewa. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, na ili iungue yote inahitaji hewa yenye uzito mara 14.7 ya uzito huo, yaani karibu kilo 11. Hizo ni lita 9,000 hivi za hewa! Ndiyo maana chujio la hewa lililoziba vumbi huinyima injini nguvu hata kama tangi limejaa.

Sasa tazama silinda moja, yaani chumba cha chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Pistoni imeshavuta hewa na petroli, nayo inapanda kuvibana hadi vibaki kwenye sehemu kama moja ya kumi ya nafasi ya awali. Kabla haijafika juu kabisa, plagi inatoa cheche. Mbona mapema hivyo? Moto unahitaji muda. Huanza kama kitone kwenye ncha ya plagi, kisha husambaa kama moto wa nyikani unavyokula majani makavu, mpaka ufike kwenye kuta za silinda. Yote hayo ni milisekunde chache, na pistoni yenyewe hushuka toka juu hadi chini kwa milisekunde 10. Shinikizo linatakiwa lifike kileleni pistoni ikiwa ndiyo kwanza imeanza kushuka.

Balaa huja pale mchanganyiko uliobaki pembeni, ukibanwa na kupata joto, unapowaka wenyewe kabla moto haujaufikia. Huo sasa ndio mlipuko. Utausikia kama kokoto zinazogongana ndani ya chuma, hasa gari likipanda mlima kwa gia kubwa. Mafundi husema injini inagonga. Ukiachwa uendelee, unaweza kutoboa pistoni. Namba ya oktani hupima jinsi petroli inavyostahimili hali hiyo, wala haipimi nguvu. Fuata namba aliyoandika mtengenezaji. Kuizidisha kwenye gari lisiloihitaji ni kupoteza fedha.

Dizeli ina njia yake. Hewa hubanwa peke yake hadi sehemu moja ya 16 hivi, inapata joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi, na injekta ikipuliza mafuta yanawaka bila cheche. Hapa kuwaka kwenyewe ndiko kunakotafutwa, ilhali petroli imetengenezwa ikatae jambo hilohilo. Tena petroli huondoa ulainisho ambao pampu ya dizeli huupata kutoka kwenye mafuta yake. Ukijaziwa petroli kimakosa kwenye gari la dizeli, usizungushe ufunguo hata kidogo. Mwite fundi alimwage tangi kwanza.