Nakshi za nano: kuufungulia mwanga uliokwama ndani ya kioo

Chukua rula ya plastiki ya rangi kali, ile ya kijani au ya chungwa wanayoipenda wanafunzi. Itazame usoni, kisha itazame ukingoni. Ukingo ndio unaong'aa zaidi. Rangi iliyomo ndani hupokea mwanga na kuutoa upya kila upande, ila mwingi haupenyi usoni. Hurudishwa ndani, ukagonga upande wa pili, ukarudishwa tena, mpaka utokee pembeni.

Kioo kinachotoa mwanga kina shida hiyohiyo. Mwale ukiufikia uso wake ukiwa umeinama zaidi ya digrii 42 hivi kutoka wima, hautoki kabisa. Wanafizikia huiita hali hiyo uakisi kamili wa ndani. Ukipiga hesabu, uso mmoja wa kioo bapa haupitishi zaidi ya asilimia 13 ya mwanga uliozaliwa ndani yake. Kwa kioo cha sintileta, kinachogeuza eksirei au nyutroni kuwa mwanga unaoweza kuhesabiwa, hasara hiyo ni kubwa, maana kila chembe ya mwanga isiyotoka ni taarifa iliyopotea.

Nakshi za nano ni vishimo au vinundu vinavyopangwa usoni kwa safu, vikiachana kwa mamia ya nanomita. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa nanomita 400 hadi 700. Kwa kuwa nafasi za nakshi zinakaribiana na urefu wa wimbi, mwanga hauukuti uso kama ukuta laini. Safu zile hulichepusha wimbi kuelekea pande mpya, na baadhi ya pande hizo ni nje. Kioo hakizalishi mwanga zaidi, kinauachia uliokuwemo.

Hapa wengi huchanganya mambo. Nakshi zikiwa ndogo mno kuliko wimbi, kama vinundu vya jicho la nondo, hupunguza ule mng'ao mdogo wa kawaida wa uso, asilimia 4 hivi, lakini mwanga uliofungwa hubaki umefungwa. Kukikwaruza kioo kiwe na ukungu nako husaidia, ila mwanga hutawanyika ovyo. Nakshi zenye mpango huweza pia kuuelekeza.

Kuzichora kwa miale ya elektroni ni kazi ya polepole na ghali. Tangu mhandisi Stephen Chou na wenzake waonyeshe njia ya mhuri mwaka 1995, nakshi huweza kugandamizwa kwenye utando laini juu ya kioo, kama mtu apigaye chapa.

Kimulimuli alitangulia. Mwaka 2013 watafiti walinakili magamba yenye vingazi ya taa ya kimulimuli wa jenasi Photuris juu ya taa ya LED, na mwanga uliotoka ukaongezeka kwa hadi asilimia 55. Vingazi vyake, hata hivyo, hupimwa kwa maikromita: nakshi kubwa kuliko hizi.