Von der Leyen hakuwekwa na babake

Wengi bado wanasema ati Ursula von der Leyen, rais wa Kamisheni ya Ulaya (chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya), alibebwa tu na babake, Ernst Albrecht, aliyeongoza jimbo la Niedersachsen kule Ujerumani toka 1976 mpaka 1990. Jamani hebu tuangalie miaka kwanza. Mzee alitoka madarakani 1990, binti ndo kwanza akajiunga na CDU, chama cha babake, mwaka huohuo, na uwaziri wa jimbo akaupata 2003, miaka 13 baadaye, sasa mzee angempa kiti gani? Katikati hapo kwa muda alikuwa daktari wa hospitali Hannover, huku analea watoto, na wako 7.

Kwamba ukoo ulimfungulia milango sikatai, ila jina hilohilo la Albrecht lilimtesa sana, maana 1978 alienda kusoma London kwa jina la kubuni, Rose Ladson, kwa hofu ya kutekwa na magaidi wa Rote Armee Fraktion, kundi la mrengo mkali wa kushoto la Ujerumani. Fikiria una kama miaka 20 hivi, mtu anakuita darasani na lazima ukumbuke kuitikia jina lisilo lako.

2019 Bunge la Ulaya lilimpitisha kuwa rais wa Kamisheni kwa kura 383, zilihitajika 374. Babake alishafariki 2014.