Mita 4 juu ya maji, lakini kwa mabawa gani?

Nimeletewa tena mchoro wa ndege ya kivita ya baharini, ya kubuni: mabawa mita 12 ncha hadi ncha, na maelezo kwamba itaruka mita 4 juu ya maji, ibebwe na mto wa hewa, yaani hewa iliyobanwa chini ya mabawa kama godoro, itumie mafuta kidogo. Hapana!

Kimo peke yake hakisemi kitu. Kipime kwa upana wa mabawa, ncha hadi ncha. Bawa linaponyanyua ndege huacha vimbunga kwenye ncha zake, navyo huisukuma hewa chini. Kani ya kuinua hulalia nyuma kidogo, na huo ndio ukinzani tunaotaka kuupunguza. Maji yakiwa karibu, hewa haipati pa kushukia. Kwa kimo kinacholingana na upana wa mabawa, ukinzani huo hupungua asilimia 1.4 tu, kwa robo ya upana, 23.5, kwa sehemu ya kumi, 47.6. Mita 4 kwa mabawa ya mita 12 ni theluthi, kwa hiyo hata hiyo 23.5 huipati. Ekranoplani (chombo cha kuruka karibu sana na maji) ya Kisovyeti KM, kazi ya Rostislav Alexeyev, iliyoanza kuruka Bahari ya Kaspi mwaka 1966, ilikuwa na mabawa ya mita 37.6. Kwake mita 4 hizohizo ni karibu sehemu ya kumi. Ukubwa ule haukuwa wa kutishia watu. Ukichora ndege ndogo, mawimbi hayapungui nayo.

Hewa kubanwa chini ya bawa ni kweli, ila hii si hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya hewa ya feni zake hata kikisimama: bila mwendo, mto huo haupo. KM ilikuwa na injini 10, na 8 za mbele zilipuliza chini ya mabawa ili ijing'oe majini. Mchoro wako una injini mbili. Kona nazo: ukilaza bawa, ncha inachota maji.

Vitabu hupita haraka hapa: asilimia zile ni za ukinzani mmoja tu, ule wa vimbunga vya ncha, na hesabu yake ni ya juu ya uso bapa. Hewa ya chini ni nzito na hula sehemu ya faida. Kwa bahari yenye mawimbi mimi huzikata, na kiasi ninachokata ni uamuzi wangu kuliko hesabu.

Kwa hiyo usinitajie kimo tena. Niletee upana wa mabawa, na mawimbi ya bahari utakayoruka huinuka mita ngapi.