Unywele ni laini, wembe ni chuma: mbona wembe ndio unaoumia?

Chukua unywele mmoja wa kidevu, ubane kwa kucha. Unapinda, unabonyea, na ukiuloweka unazidi kulegea. Chuma cha wembe kinaupita unywele huo kwa ugumu mara 50 hivi. Hata hivyo kila anayenyoa anajua kwamba wembe ulioteleza vizuri leo, baada ya wiki kadhaa utaanza kukwaruza na kuvuta. Imekuwaje kilaini kikakishinda kigumu?

Mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia "chuma kinalika na nywele", na kwa miaka mingi jibu langu likawa neno hilo moja: kulika. Nilikuwa nimeona visima vya zamani ambavyo kamba ya ndoo imechimba mifereji kwenye jiwe la ukingo. Kamba ni laini na jiwe ni gumu, lakini kwa kupita kila siku kamba imelila jiwe. Nikaamini wembe nao ni hivyo hivyo. Kila unywele unachukua chembe isiyoonekana, ncha ya makali inazidi kuwa ya mviringo, na mwisho wembe unakuwa butu.

Imani hii ilikuwa na gharama, kwa sababu kama ugonjwa ni kulika, dawa yake ni kinoo. Wembe wangu ni ule wa kukunja, wenye chapa ya Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Kila Jumamosi niliupeleka kwenye kinoo. Wembe wa namna hii haunolewi kwa kuinuliwa pembe kama kisu cha jikoni. Unaulaza bapa, mgongo na makali vikiligusa jiwe kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaoamua pembe ya makali. Maana yake, kila unapopitisha wembe, jiwe linakula pande zote mbili, makali na mgongo. Baada ya mwaka mmoja mgongo wa wembe wangu ulikuwa na ukanda mpana unaong'aa, uliosawazika kabisa. Nilikuwa nimeumaliza kwa kuutibu ugonjwa ambao hauna, au tuseme ambao hauna kwa kiwango nilichodhani.

Naomba nieleweke hapa. Kulika kupo. Kutu pia ipo, na kwenye ncha nyembamba kiasi hicho tone moja la maji lililosahaulika linatosha kuharibu kazi, hasa kwa chuma cha kaboni. Watu wameuhangaikia mno ubutu wa wembe, kiasi kwamba mwaka 1959 Karel Drbal wa Chekoslovakia alipata hataza ya kuhifadhi nyembe ndani ya piramidi ndogo ili zidumishe makali. Lakini mwenzangu aliyeniambia "chuma kinalika na nywele" na mimi niliyemwamini, sote tulikuwa tukieleza jambo ambalo hatukuwahi kulitazama.

Walioamua kulitazama ni Gianluca Roscioli, Seyedeh Mohadeseh Taheri-Mousavi na Cemal Cem Tasan wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, nchini Marekani. Roscioli alinyoa ndevu zake mwenyewe kwa nyembe za kutupa, na baada ya kila kunyoa aliupeleka wembe kwenye hadubini ya elektroni. Matokeo yalitoka katika jarida la Science mwezi Agosti 2020. Kulika hakukuonekana sana. Kilichoonekana ni mapengo: vipande vidogo vidogo vya chuma vilikuwa vimebanduka kwenye makali. Bandu bandu huisha gogo, na safari hii ni bandu kwelikweli.

Sasa kipande cha chuma kinabandukaje kwa unywele? Watafiti walitengeneza kifaa kidogo cha kukatia nywele ndani ya hadubini yenyewe, wakaona jambo la ajabu. Unywele ukishikwa imara na kukatwa wima, wembe haudhuriki. Unywele ukiachwa huru upinde, mapengo yanatokea.

Fikiria panga na gogo. Ukilipiga gogo wima, panga linazama na kutoka salama. Lakini likinasa, ukaanza kulipinda huku na huku ili litoke, ndipo makali yanapomeguka. Chuma ni kilekile na mti ni uleule, ila nguvu imehama: badala ya kuyasukuma makali kuelekea mgongoni, kwenye unene, inayasukuma ubavuni, ambako hayana kitu cha kuyashikilia. Unywele unapopinda mbele ya wembe unafanya kazi hiyohiyo ya ubavuni.

Hiyo peke yake haitoshi. Chuma cha wembe kwa macho ni kitu kimoja kilaini kama kioo, lakini ndani yake kuna sehemu ngumu zaidi na sehemu laini zaidi zilizopangana. Ukuta wa matofali ukipata ufa, mara nyingi ufa haupasui tofali katikati. Unafuata udongo ulioyaunganisha. Ndani ya wembe pia, mkazo unajikusanya pale sehemu ngumu inapopakana na laini, na ufa unaanzia hapo.

Sharti la tatu ni la mahali. Ubavu wa unywele lazima uangukie penye udhaifu huo. Katikati ya unywele si hatari sana. Hatari iko pale unywele unapoishia na makali matupu yanapoanza. Unywele uliopinda, chuma kisicho sawasawa, na ubavu wa unywele kuangukia penye udhaifu: ni mara chache hayo matatu kukutana kwa unywele mmoja. Kidevu kina maelfu ya nywele.

Utafiti ule ulikuwa wa nyembe za kutupa, ambazo zina chuma na umbo tofauti na wembe wa kukunja. Yanayofuata ni hitimisho langu na mazoea ya mikono yangu. Siku hizi naloweka ndevu kwa maji ya moto dakika tatu nzima, maana unywele uliolowa unakatika kwa nguvu ndogo. Navuta ngozi ikaze, nakata karibu na shina, ambako unywele una nafasi ndogo ya kupinda.

Kabla ya kunyoa naupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi mara 50, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Kwenye kinoo ni kinyume, makali ndiyo yanayotangulia. Mwisho wa mkanda unaugeuza wembe kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake. Ukiugeuza juu ya makali, unaukata mkanda na kuyaumiza makali kwa pigo moja. Wengi husema mkanda unanoa. Mkanda mtupu hauwezi kurudisha kipande kilichobanduka. Unachofanya ni kulainisha na kunyoosha ncha iliyobaki.

Kinoo changu, chenye upande wa namba 4000 na wa 8000, sasa kinatoka kabatini mara mbili tatu kwa mwaka. Kabla ya kukitoa naushika wembe chini ya taa, makali yakinitazama machoni. Makali mazima hayarudishi mwanga. Unaona mstari mweusi tu, kana kwamba chuma kimeishia hewani. Penye pengo panametameta nukta moja nyeupe. Jana nilihesabu nukta mbili, zote karibu na kisigino cha wembe, mahali ambapo hata sinyolei. Nikaupaka mafuta, nikaukunja.